Ukurasa Uliomwagika Faggala

Katika miaka tisa ya kupanga herufi za risasi za kuchapia sijawahi kumwaga ukurasa, na mwanamke wa kunitetemesha mkono nikiwa kazini hajazaliwa.

Maneno hayo niliyasema Jumamosi, saa kumi alasiri, mbele ya wageni kumi na wawili, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema mara mbili siku hiyohiyo kwa makundi mengine mawili. Wageni wakacheka pale ambapo wageni hucheka. Robo saa baadaye ukurasa ulikuwa sakafuni, na mwanamke alikuwa amezaliwa zamani sana, miaka ishirini na sita iliyopita, huko Shubra, ghorofa ya tano, jengo lisilo na lifti.

Ngoja nieleze, lakini polepole. Nimechoka hata leo nikikumbuka.

Tangu kompyuta zichukue kadi za harusi, Fundi Fathallah, mwenye karakana yetu ya uchapaji, alianza kufungulia watu milango kila Jumamosi. Wanapanda ngazi zetu hapa Faggala, Kairo, wanalipa, wanavaa aproni, wanashika kila kitu kwa mikono yao: wanaokota herufi, wanapaka wino, wanavuta mpini wa mashine, kisha kila mmoja anarudi kwao na karatasi yenye jina lake. Kazi yangu ni kusema, kuchekesha, na kuhakikisha vidole vilivyoingia ndivyo vinavyotoka. Fundi mwenyewe hukaa kwenye kiti chake cha dirishani na kunywa chai. Anasema wageni wanapenda kijana. Mimi nadhani anapenda kukaa.

Siku ile ya Julai feni ilikuwa inazungusha joto tu. Miguu ilinivimba ndani ya viatu. Mizaha yangu ilikuwa imelika kama herufi kuukuu. Ilitoka, ndiyo, lakini kingo zake hazikuwa kali tena.

Na ndani yangu kulikuwa na uchovu mwingine ambao hauondoki ukilala. Uchovu huo una jina.

Mara tatu nilikuwa nimepanda hadi kwa Hajja Tahiya, mama yake Rabab, kumposa binti. Mara ya kwanza Hajja Tahiya aliniuliza kuhusu nyumba, nikamwambia nina chumba cha juu ya paa chenye hewa nzuri. Akasema hewa nzuri hata njiwa wanayo. Mara ya pili aliniomba nimwonyeshe mikono yangu. Nilikuwa nimeisugua kwa mafuta ya taa na limao asubuhi nzima, na bado wino ulikuwa umekaa kwenye kucha kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mara ya tatu alianza kulainika, akanimiminia hata sharubati ya karkadee, halafu mimi, mjinga wa mama yangu, nikafanya mzaha kuhusu magoti yake na ngazi. Sikumaliza sharubati.

Baada ya hapo zikapita siku arobaini bila neno. Nikasikia kuna mfamasia anayemposa, mwenye duka lake, anayekaa jengo lenye lifti.

Basi nilikuwa nimesimama pale mbele ya kundi la tatu, nikiwaonyesha ukurasa uliokuwa mezani. Ulikuwa kazi ya Fundi na yangu ya siku nne: ukurasa wa kwanza wa kitabu cha mapishi cha bibi mmoja wa Zamalek aliyeapa kwamba vyakula vyake havitachapwa kwa kompyuta. Herufi karibu elfu mbili za risasi zilizosimama bega kwa bega ndani ya fremu ya chuma, zikisomeka kinyume kama kwenye kioo.

"Sasa," nikasema, "hakuna gundi hapa. Hakuna msumari. Kinachozishika ni kubanwa tu. Hizi kabari nne za chuma, mbili chini na mbili ubavuni, ukizikaza kwa ufunguo huu zinapanuka, herufi zote zinakuwa kitu kimoja. Unaweza kuunyanyua ukurasa mzima ukatembea nao kama sinia. Nani ana mkono wa nguvu?"

"Mimi," akasema bwana mmoja mnene mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. "Daktari Labib. Meno."

"Daktari wa meno! Karibu. Huu ndio mdomo wako wa leo."

Watu wakacheka. Daktari Labib alichukua ufunguo kwa heshima, akakunja mikono ya shati.

"Nageuzia wapi?"

"Kuelekea dirishani, Daktari. Polepole, zote nne, kidogo kidogo, mpaka usikie chuma kimekataa."

"Kukataa nakujua," akasema. "Magego ya watu wa Shubra yanakataa kila siku."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

"Samahanini," sauti ikasema. "Nimechelewa. Jina langu lipo kwenye orodha."

Jina lilikuwepo kweli. Orodha mimi sikuwa nimeisoma. Mtu anayesoma kinyume tangu asubuhi hana hamu ya majina yaliyonyooka. Nilipogeuka nilimkuta Rabab amesimama, mkoba kaukumbatia kifuani, kitambaa cha rangi ya zaituni kichwani, chini ya macho pana weusi ambao haukuwa wanja. Alikuwa amekonda. Alinitazama mara moja, akaangalia pembeni, akanitazama tena, na mara hiyo ya pili hakuangalia pembeni.

"Chukua aproni, dada," nikasema. Sauti ilitoka kavu kama biskuti ya sikukuu iliyosahauliwa kwenye bati.

"Asante, kaka," akajibu. Neno hilo kaka alilitia chumvi ya kutosha.

Aproni zinatundikwa karibu na meza ya wino. Nikajifanya nakwenda kuangalia rola. Wageni walikuwa wamemzunguka Daktari wakimhesabia mizunguko.

"Wanakuja leo," Rabab akanong'ona, akifunga kamba ya aproni mgongoni bila kuniangalia.

"Akina nani?"

"Unajua akina nani. Yeye, mama yake na mjomba wake. Baada ya magharibi. Wanasoma Fatiha ya kufunga uchumba."

"Hongera," nikasema. "Mama yako atapanda lifti hadi peponi."

"Nagi."

"Naam."

"Nimemwambia mama nakwenda kwa fundi wa nguo kuchukua gauni. Ananingoja kwa mama mdogo, mtaa wa pili. Nina nusu saa." Akaitazama saa yake ya mkononi. "Sasa nina dakika ishirini na tano. Una la kusema au huna?"

"Nina wageni kumi na wawili."

"Kumi na watatu," akasema. "Nami nimelipa."

"Tayari!" Daktari Labib akaita kutoka mezani, akijifuta jasho. "Kimekataa. Zote nne."

Nikarudi mezani. Nikaupokea ufunguo, nikaupitisha kwenye kabari mara ya mwisho, kama fundi yeyote anavyofanya baada ya mgeni. Rabab alikuwa amesimama nyuma ya watu, akiiangalia saa yake. Nikashika fremu kwa mikono miwili.

"Tazameni," nikasema. "Kama sinia."

Nikanyanyua.

Umewahi kusikia gunia la dengu likipasuka juu ya vigae? Ni hivyo, lakini dengu za chuma. Fremu ilipanda mikononi mwangu ikiwa tupu kama dirisha lisilo na kioo, na mapishi yote ya bibi wa Zamalek, bata wake, mchuzi wake wa majani ya mulukhiya, vitunguu vyake vya kukaanga, yakamwagika mezani, yakabingirika ukingoni, yakanyesha sakafuni, chini ya mashine, chini ya viti, hadi kwenye kizingiti.



Fundi Fathallah, kwenye kiti chake, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama, akaivua tena.

"Siku nne," akasema. "Siku nne, Nagi."

Kisha akasimama, akapita akinyata ukutani kama paka, akateremka kwenda mkahawani. Kuna maneno ambayo mtu aliyekwisha kuhiji hawezi kuyasema mbele ya watu waliolipa.

"Imekuwaje?" akauliza Daktari Labib. Uso wake wote ulikuwa umeshuka, hata masharubu. "Mimi nilikaza."

"Si kitu, Daktari," nikasema. "Mara ya kwanza mkono wa mgeni huwa haujui. Pengine hukukaza vizuri."

Aliutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mwanawe aliyeletwa nyumbani na polisi.

Rabab alikuwa amekwisha kushika kitasa.

"Usisogee!" nikapaza sauti. "Mtu yeyote asisogee. Nyote mlipo, chuchumaeni. Hii ni sheria ya karakana, ya tangu babu yake Fundi: herufi ikiwa sakafuni, hakuna mguu unaotoka mlangoni. Risasi ni laini. Ukiikanyaga imekufa, na herufi hizi hakuna anayezimimina tena mjini. Mlitaka kushika kwa mikono? Haya, shikeni."

Walicheka kwa mashaka, halafu wakapiga magoti. Niliwagawia sinia za chai na vifuniko vya makopo. Niliwaambia waokote moja moja, zinazofanana ziwekwe pamoja, kupanga kwenye kasha tutapanga baadaye. Kasha letu lina vyumba zaidi ya mia nne, maana herufi zetu za Kiarabu zina sura moja zikianza neno, nyingine zikiwa katikati, nyingine mwishoni, nyingine zikiwa peke yake. Ni kama ndugu zangu: nyumbani wana sura hii, mbele ya wageni ile.

Rabab aliachia kitasa. Alisimama muda mrefu, kisha akapiga magoti palepale mlangoni. Nikaelekea huko na kifuniko changu. Mtu angesema herufi nyingi zilikuwa upande ule.

Tukaokota. Feni ililia. Dakika ishirini na tano zake zikapita, nikaziona zikipita, wala hakuitazama saa.

"Umefanya makusudi," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Makusudi? Kazi ya siku nne? Mimi mwendawazimu?"

"Ndiyo maana nauliza."

"Umemsikia Daktari. Mkono wa mgeni."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa karibu hata nikaona ule mstari mwembamba wa dhahabu unaozunguka weusi wake, ambao wakati wa jua huonekana na wakati wa taa hupotea. Nilikuwa nimejiambia kwa siku arobaini kwamba mstari ule niliubuni.

"Umekonda," nikasema.

"Wewe umenenepa."

"Ni miguu tu. Imevimba."

Akataka kucheka, akajizuia, akaokota herufi tatu mfululizo kwa hasira.

"Nagi, panda ngazi mara ya nne."

Nikaokota herufi moja, nikaigeuza mkononi.

"Leo. Kabla ya magharibi. Mama yupo kwa dada yake, ukimkuta njiani vizuri zaidi, hata ngazi hupandi. Mwambie tena."

"Nimwambie nini ambacho hakijui?"

"Mwambie bila mzaha. Hicho hajakisikia."

Niliketi sakafuni, nikaegemeza mgongo kwenye mguu wa mashine. Chuma kilikuwa na baridi, kitu pekee chenye baridi Kairo yote siku hiyo.

"Nimechoka, Rabab," nikasema. "Sikufanyii maringo. Nimechoka kama mtu anavyochoka. Kila nikishuka zile ngazi nashuka mfupi kuliko nilivyopanda. Mara ya kwanza kwa sababu ya chumba, mara ya pili kwa sababu ya kucha, mara ya tatu kwa sababu ya mdomo. Nikipanda mara ya nne nitapita chini ya mlango bila kubisha."

"Umeona? Hata hapo unachekesha."

"Sichekeshi. Ndivyo ninavyolia."

Rabab akaendelea kuokota, vidole vyake vikianza kuwa vyeusi nchani.

"Na mimi je?" akasema. "Wewe unachoka kupanda. Mimi naishi juu ya ngazi hizo. Kila jioni nasikia miguu ya mtu kwenye ngazi, naacha ninachofanya. Nasikiliza. Ghorofa ya pili. Ya tatu. Wewe ukifika ya tatu huwa unakohoa, unajua? Unakohoa mara moja, halafu unasimama unatengeneza kola. Basi nangoja kikohozi. Siku arobaini, Nagi. Wanapita akina baba wa watu, anapita muuza gesi, anapita mtoza umeme, hakuna anayekohoa. Juzi muuza gesi akakohoa, nikamwaga mchele."

 

"Alikuwa na mafua?" nikasema.

Rabab akanitupia herufi. Ilinipiga kwenye shavu.

"Hiyo ni mali ya Fundi," nikasema.

"Mlipe Fundi." Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hakuyaacha yamwagike. "Sitaki akupende mama yangu. Sitaki uwe na lifti. Yule mfamasia si mtu mbaya, ujue. Ni mpole. Ananiletea vitamini. Nikiolewa naye nitaishi salama, nitazaa, nitazoea. Ndicho kinachonitisha, kwamba nitazoea. Basi niambie kitu kimoja tu kilichonyooka kabla sijaanza kuzoea."

"Kitu gani?"

"Unanitaka au hunitaki?"

"Rabab, watu."

"Watu wapo magotini. Hawana habari nasi."

Niliwatazama. Wanafunzi wawili wa chuo walikuwa chini ya meza wakibishana kuhusu herufi. Mama mmoja alikuwa akipiga picha sinia yake. Daktari Labib, hatua tatu kutoka kwetu, suruali yake nzuri imejaa vumbi, alikuwa akiokota kimyakimya kama mtu anayelipa kaffara, akizipuliza herufi moja moja kabla ya kuziweka. Tangu tuanze hakupumzika. Mara mbili alikuwa ameniomba msamaha, na mara zote mbili nilimwambia hakuna neno, Daktari, kosa ni la kawaida.

Nikamgeukia Rabab. Nilikuwa nalo jibu. Lilikuwa limefika hapa, chini ya ulimi. Nikaikumbuka sharubati ile ambayo sikuimaliza, na kicheko cha Hajja Tahiya pale mlangoni, na jirani wa ghorofa ya nne aliyefungua mlango ili aone aliyefukuzwa ana sura gani.

"Olewa, Rabab," nikasema. "Vitamini ni kitu kizuri."

Aliinamisha kichwa. Hakulia. Aliendelea kuokota, polepole zaidi, na kila herufi akaiweka kwenye kifuniko kwa uangalifu kana kwamba ni yai. Ingekuwa heri angenitupia nyingine.

Jua lilisogea kwenye vigae. Ilikuwa imekaribia saa kumi na mbili tuliposikia ngazi zikilalamika, hatua nzito, pumziko, hatua nzito, pumziko. Rabab akainua kichwa. Anazijua hatua za ngazi, yule.

Mlango ukafunguka.

"Usikanyage!" watu kumi na wanne tukapiga kelele pamoja.

Hajja Tahiya akaganda mlangoni, mguu mmoja hewani, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, mwingine umeshika mkoba.

"Bismillahi," akasema. "Nini hiki? Mmepoteza lulu?"

"Herufi, Hajja," akasema Daktari Labib kwa huzuni.

Akamwona binti yake. Akaniona mimi. Akaona tulivyokuwa karibu.

"Kumbe fundi wa nguo anakaa hapa," akasema.

"Mama," Rabab akasema, akisimama.

"Kaa hapohapo. Nimekungoja kwa mama yako mdogo tangu saa kumi, nimekunywa chai hata tumbo linacheza. Nimekwenda kwa fundi wa nguo, ananiambia gauni lilichukuliwa Alhamisi. Nikasema haya, najua kulipo ngazi nyingine." Akapumua. "Na nyinyi huku pia hamna lifti."

"Hajja," nikasema, nikisimama nami, "sikumtafuta. Naapa."

"Najua hukumtafuta. Ungemtafuta ningekuheshimu." Sauti yake haikuwa na ukali niliouzoea. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepika tangu alfajiri kwa ajili ya wageni asio na hamu nao. "Sikiliza wewe kijana. Yeye amekuja kwa miguu yake, mimi nimekuja kwa magoti yangu haya uliyoyachekea. Hali chakula wiki ya pili hii. Nikimwambia kula, ananiambia nimeshiba. Kwa nini? Kwa vitamini? Mimi ni mama, si mlinzi wa gereza. Nimewachoka nyote wawili. Nitakuuliza mara moja, mbele ya hawa watu, maana ukiwa peke yako unachekesha."

Wageni waliacha kuokota.

"Unamtaka, humtaki? Kama unamtaka, nampigia simu mama yake mfamasia sasa hivi, namwambia leo kuna mgonjwa nyumbani, na wewe unakuja tunazungumza kama watu. Kama humtaki, sema, tuondoke, bata yupo kwenye jiko."

Simu ilikuwa tayari mkononi mwake. Mguu wake ulikuwa bado hewani.

Nawaambia kweli, mtu mwenye akili angesema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi. Lakini nilimwona Hajja Tahiya, nikaona mlango ule, na jirani wa ghorofa ya nne, na nikajisemea: huu ni mtego, akisikia ndiyo atacheka, na leo watacheka na wengine kumi na wawili. Uchovu una ujanja wake. Unakufanya uone kila mlango uliofunguliwa umefunguliwa ili ufungwe usoni pako.

"Hajja," nikasema, na hata nikatabasamu, "mimi na binti yako yalikwisha. Sina neno naye. Amechelewa kwa sababu ya sheria ya karakana tu, hakuna mtu anayetoka herufi zikiwa sakafuni. Ni bahati mbaya. Ukurasa uliteleza. Huyu Daktari hapa hakukaza kabari vizuri."

Rabab hakunitazama. Alianza kufungua kamba ya aproni.

"Mimi?" akasema Daktari Labib.

Alisimama. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyomkumbuka. Magoti ya suruali yake yalikuwa meupe kwa vumbi, na mkononi alikuwa na herufi moja ambayo hakujua aiweke wapi.

"Kijana," akasema, "karibu saa mbili nimepiga magoti naokota kosa langu. Nimekuomba radhi mara mbili. Nimejiambia, Labib umezeeka, mkono umekwisha, Jumatatu utamng'oa mtu jino la jirani. Nilikuwa nimekwisha kukubali." Akaugeuza mkono wake, akautazama, kisha akanitazama mimi. "Lakini sasa umesema tena, na mbele ya mama wa watu, nami kuna jambo nimekuwa nikilifikiria hapo chini."

"Daktari, hakuna haja," nikasema upesi.

"Haja ipo. Wewe ulinifundisha nikaze kuelekea dirishani. Si ndiyo?"

Mwanafunzi mmoja akajibu kutoka chini ya meza: "Ndiyo. Dirishani."

"Nikakaza kuelekea dirishani. Kikakataa. Nikakupa ufunguo. Na wewe ukaupitisha kwenye kabari, mimi nikiwa nimesimama hapa, karibu nawe kama ninavyosimama na mgonjwa. Ukauzungusha kuelekea mlangoni."

Nilisikia mpaka redio ya mkahawa wa chini.

"Nikadhani ni utaalamu wenu," Daktari akaendelea. "Kila kazi ina siri zake. Na hukuwa ukiitazama kabari. Ulikuwa unamtazama huyu binti, naye alikuwa anatazama saa."

Na wewe unayesoma, usinikodolee macho hivyo. Nilikwambia niliupitisha ufunguo. Hukuniuliza kuelekea wapi.

Rabab alikuwa ameacha kamba ya aproni ikining'inia nusu. Uso wake ulikuwa unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na sikujua lipi litashinda.

"Nagi," akasema. "Siku nne za Fundi?"

Nikafungua kinywa. Tangu asubuhi nilikuwa nimewapa watu thelathini na sita mizaha, mingine mara tatu. Nikatafuta mmoja tu, hata mbovu, hata uliolika. Haukuwepo.

Hajja Tahiya, kidole juu ya simu, akauteremsha mguu wake polepole mahali pasipokuwa na herufi, akamgeukia Daktari.

"Pengine mkono wake uliteleza," akasema. Alikuwa akinitazama mimi. "Kabari moja huweza kuteleza."

"Moja ningesema ameteleza, Hajja," akajibu Daktari Labib. "Alizifungua zote nne. Na ile ya mwisho aliizungusha mara mbili, ahakikishe."